Profesa wa Kwapa

Wageni wanane kwa mpigo hawakuwa wamewahi kumjia Nzai pale Mishomoroni, isipokuwa siku ya matanga ya babake, na siku ile walikuja kula. Ndiyo maana Jumamosi hiyo asubuhi, Kanze mkewe alipowaona wakikata kona ya duka la mkaa huku wakimuuliza kila mpita njia anapokaa fundi Nzai, moyo ulimruka. Alikuwa kwenye karai lake la mahamri mbele ya nyumba, mikono imejaa unga. Akainuka, akajipangusa kwa leso, akawahesabu. Wanaume watano, wanawake watatu, wote wamependeza, nguo zimewakaa miilini. Watu wanaojipenda hivyo, aliwaza, ndio hasa wanaoshonesha.

Aliwatolea benchi, akaazima viti kwa jirani, akawamiminia chai ya tangawizi. Mahamri aliyokuwa amewakaangia wateja wake wa kila siku akayageuza yote upande wa wageni, na mbaazi za nazi pembeni. Bei hakuitaja. Utamdaije mtu pesa ya hamri naye amekuja kushona suti?

Nzai alitoka kibandani mwake, tepu ya kupimia ikimning'inia shingoni. Wageni wakasimama wakampigia makofi. Mmoja akamwita Profesa. Kanze aliona mambo yameanza vizuri, akamshika mkono mgeni wa kwanza, mwanamke mnene mwenye sauti ya kujiamini, akamwomba asimame wima ili fundi aanze naye. Yule mwanamke alicheka, akatia mkono mkobani, akatoa tepu yake mwenyewe. Wa pili akatoa ya kwake mfukoni. Kabla Kanze hajameza mate, tepu nane zilikuwa nje pale barazani.

Walikuwa mafundi cherehani. Watano wa Kongowea, mmoja wa Likoni, na wawili waliopanda basi alfajiri kutoka Malindi. Walikuja kuona kwa macho yao jinsi Nzai anavyokata kwapa.

* * *

Ieleweke kwamba Nzai alikuwa fundi hodari, na hapo hapana mzaha. Gauni lake halivuti kwapani. Aliyelivaa anaweza kuinua mkono kanisani, akausifu ukuu wa Mungu mpaka achoke, na pindo lisipande hata inchi moja. Ufundi huo aliupata kwa kuharibu vitambaa vingi, vyake na vya watu, na miezi sita nyuma aliamua kuuanika mtandaoni ili wateja wamjue. Aliifunga simu kwa mpira kwenye chupa ya maji, akaonyesha chaki inapopita, mkasi unapogeuka, na kwa nini fundi asikaze mkono anapolifikia bega.

Wateja hawakuja. Walikuja mafundi, elfu kumi na moja. Waliuliza namba ya sindano. Waliuliza chaki inauzwa wapi. Walibishana wao kwa wao siku tatu nzima juu ya upana wa mshono, mpaka wawili wakatukaniana wazazi. Fundi mmoja wa Mwanza ndiye aliyemwita Profesa wa Kwapa, na jina likashika. Nzai, ambaye tangu azaliwe hakuwahi kuitwa jina kubwa kuliko "we Nzai", alilipokea kwa mikono miwili. Kila alfajiri, kabla hajanawa uso, alifungua simu kuangalia waliomsifu usiku.

Wale wanane waliondoka saa saba mchana, wameshiba chai na elimu. Wa mwisho kutoka alikuwa Kimani, mwenye kibanda kando ya soko la Kongowea, mtu wa bara aliyekaa Mombasa miaka kumi na minane na bado akilaumu joto kila asubuhi. Alikuwa ameipapasa mashine kubwa ya umeme ya Nzai muda mrefu kuliko adabu inavyoruhusu.

"Prof, siku ukichoka na hii mashine," alisema, "mimi ndio wa kwanza kupigiwa simu. Sawa?"

Nzai alicheka. Kanze hakucheka. Alikusanya vikombe, akavisuuza, akavifunika, kisha akaja kusimama mlangoni mwa kibanda.

"Baba Janice, katika hao wanane, yupi aliyeacha kitambaa?"

Nzai alimweleza kwa upole kwamba wale si watu wa kuacha vitambaa, wale ni watu wa fani.

"Watu wa fani wamekula mahamri arobaini," Kanze alisema. "Mimi ninayekaanga nikiyagawa bure hivyo wiki mbili, tutakula karai."

Akayasema yaliyokuwa moyoni mwake kwa muda mrefu. Kai, kaka yake, alikuwa msimamizi kwenye ghala moja la mchele kule Changamwe, na alikuwa na nafasi ya mtu wa kuhesabu magunia. Kazi ilikuwa ya mshahara, na nafasi ingemngoja Nzai mpaka Jumamosi ya mwisho wa mwezi, saa sita mchana, si dakika moja zaidi. Ikifika siku hiyo kibanda hakina kazi ya kueleweka, mashine itauzwa kwa yule mtu wa Kongowea, na Profesa atakwenda Changamwe.

Kazi ya magunia haikumtisha Nzai. Kilichomtisha ni Kai. Kai alikuwa na tabia ya kuuliza mbele za watu, kwenye kila harusi na kila kilio, "Haya shemeji, sindano inalisha?" kisha akangoja jibu kwa subira ya daktari. Kula kwa jasho la Kai mpaka uzeeni, na mashine yake imelala Kongowea kwa mtu mwingine, lilikuwa wazo asilotaka hata kulimaliza. Lakini alikubali, maana alikuwa na siri: video mpya, dakika nne, juu ya bitana, kile kitambaa cha ndani ya nguo. Aliamini bitana ile ingemaliza mambo.

* * *

Bitana ilipendwa na watu elfu tisa. Fundi wa Mwanza alimpigia simu akasema amelia. Kanze, aliyejifunza kusoma maoni ili ajue adui yake, alikaa na simu ile tangu chai mpaka adhana ya adhuhuri, akashuka mpaka chini kabisa, akaulizia jambo moja tu.

"Kuna hata mmoja humu aliyeuliza bei?"

Nzai alisogea wakatafuta pamoja. Mmoja aliuliza namba ya sindano. Mwingine aliuliza kama anachukua wanafunzi. Wa tatu alimwomba aongee polepole, anaandika. Aliyeuliza bei alipatikana mwisho, Nzai akalipiga kofi paja lake mwenyewe kwa furaha, kumbe mtu yule alikuwa akiuliza bei ya meza.

Jumatatu iliyofuata akaja Bi Mwanatabu, jirani wa nyumba ya tatu, mama wa makamo aliyefunga buibui yake vizuri na asiyependa kukaa kabla hajasema lililomleta. Kanze alimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akamwangalia Nzai aliyekuwa anajifanya anatafuta mkasi.

"Fundi," alisema, "kitambaa changu nimekiona kwa simu ya mjukuu wangu. Watu wamekisifu, nami nimefurahi. Nguo yangu sijaiona."

Nzai alijua hakuna pa kutokea. Kitambaa cha Bi Mwanatabu, chekundu chenye maua ya dhahabu, ndicho alichokitumia kuonyesha kwapa, na ili kila pembe ionekane vizuri alikuwa amelishona kwapa lile na kulifumua mara tatu. Kilikuwa na wiki tano kibandani. Akaanza kumweleza kwamba gauni lile litakuwa tofauti na yote aliyowahi kuvaa, akainua mkono amwonyeshe.

"Mwanangu, mimi kwapa silijui," Bi Mwanatabu alimkatiza, bila ukali. "Mimi mpwa wangu anaozwa Ijumaa. Nataka kujua Ijumaa nitavaa au sitavaa, basi. Na vipande vyangu vinavyobaki virudi, nimshonee mtoto kijigauni. Kila fundi niliyempa kitambaa cha yadi nne ameniambia hakikubaki hata cha kufutia pua. Wallahi hata ningekuwa kontena hakingeisha chote."

Nzai alitazama chini. Nyuma ya mashine kulikuwa na gunia la vipande vya wateja wa miaka sita, na mito yote ya nyumba ile ilijazwa kwa vipande hivyo. Hakuna fundi asiyefanya hivyo, kuanzia Likoni mpaka Mtwapa, na hakuna anayeita wizi.

Kanze akajitanda leso. Alimsindikiza Bi Mwanatabu mpaka kwake, wakaongea mlangoni kitambo kirefu. Aliporudi aliichukua simu ya Profesa, akaitia kifuani, akamwambia gauni lile litaisha Alhamisi, na mpaka Alhamisi hakuna video.

* * *

Lilikwisha Alhamisi saa kumi. Bi Mwanatabu alikuja, akajaribu chumbani kwa Kanze, akaridhika. Alikubali kusema maneno mawili kwenye simu kwa sharti uso wake usionekane. Kwa hiyo iliyoonekana ni mikono yake tu yenye hina, imeshika mfuko, na sauti yake.

"Hii ni nguo yangu. Niliahidiwa Ijumaa, leo Alhamisi, ninayo. Na hivi ni vipande vyangu, nimerudishiwa vyote. Naye ni fundi, wallahi sikudhani."

Basi. Sekunde kumi na nane. Nzai aliitazama mara mbili. Gauni lilikuwa limekunjwa. Lile kwapa, kazi nzuri kuliko zote alizowahi kufanya, lilikuwa ndani kabisa ya mfuko, chini ya vipande. Alimsihi Kanze angalau walitandaze mezani. Kanze akabonyeza, ikaenda.

Kufikia Ijumaa alasiri, mafundi mia nne walikuwa wamemkimbia. Kundi la mafundi wa pwani, ambamo alikuwa akiamkiwa kila asubuhi kwa jina lake la uprofesa, lilimtoa bila kumuaga. Kimani alimpigia simu, nyuma yake zikisikika kelele za soko.

"Prof, umetuchoma," alisema. "Leo wamama watatu wamenikujia wakitaka vipande. Mmoja ni wa tangu mwaka jana. Siri ya kazi unaianikaje hivyo?"

Nzai aliumia. Siri ya kwapa, iliyomchukua miaka, alikuwa ameigawa bure na hakuna aliyelalamika. Siri waliyomlilia ni gunia la matambara. Alitaka kumwambia Kimani hivyo, lakini Kimani alimaliza kwa kumkumbusha kwamba Jumamosi ya mwisho wa mwezi atakuja kuichukua mashine kama Kanze alivyomwahidi, kisha akakata.

Ila mle kwenye maoni kulikuwa kumeingia watu wengine. Gauni pana la solo ni bei gani? Mishomoroni wapi, karibu na nini? Vipande mnarudisha hata vidogo? Mkikosa siku mliyoahidi, inakuwaje? Hili la mwisho Nzai aliliona ni tusi, akaliruka. Kanze hakuliruka. Alijibu kwa jina la mumewe kwamba siku ikikosewa mshono ni bure, na Nzai alilijua hilo wiki iliyofuata, mteja alipomshukuru.

Mteja huyo alikuwa Mwikali, anayefanya kazi kiwandani Changamwe. Alikuja na kitenge, akataka gauni la kusimamia ubatizo Jumapili. Kanze akamwambia Jumamosi saa nne asubuhi. Mwikali akacheka kicheko cha mtu aliyewahi kudanganywa na mafundi, akasema wenzake wanne wa zamu wana vitenge kama hivyo, wamemtuma yeye mbele aone. Akipata, watakuja. Asipopata, ataeleza kiwanda kizima.

Wengine waliopiga simu nao walikuwa hivyo hivyo, wanasikilizia. Kitambaa kilichoachwa kibandani kilikuwa hicho kimoja.

* * *

Jumamosi ya mwisho wa mwezi stima ilipotea saa mbili asubuhi, pindo la Mwikali likiwa halijaguswa. Nzai alikanyaga mashine kwa mguu mara tatu, kana kwamba ingemwonea huruma. Kisha akatoa sindano ya mkono, akakaa mlangoni penye mwanga, akaanza. Lilikuwa solo pana la mita na mita za pindo. Aliogopa, na hakuona haya kukiri kwamba ameogopa.

Saa tatu kasoro Kimani akatokea na kamba begani. Nyuma yake alikuja hamali akisukuma mkokoteni mtupu aliokodi Kongowea. Hakumwita mtu Prof. Alisalimia kwa kichwa tu, akauliza kama mashine imefunguliwa miguu. Kanze alimjibu kwamba muda wa mwisho ni saa sita, aketi. Hamali akajilaza juu ya mkokoteni wake na kusinzia.

Kimani akaketi akitazama pindo. Alitazama dakika tano, akajigeuza, akatazama ukuta, akarudi kutazama pindo. Nzai alikuwa amefika robo. Upande mwingine wa gauni ulikuwa sakafuni, umelegea, nyuzi zinaning'inia. Kuna mambo fundi hawezi kuyavumilia, hata yawe ya adui yake.

"Unashika mbali sana," alisema mwishowe. "Hivyo utamaliza Krismasi. Leta sindano."

Akalivuta benchi, akaushika upande wa pili wa pindo, akaanza kushona kuja kwake. Alishona kwa hasira, akinung'unika kwa lugha ya kwao, na mshono wake ulikuwa mdogo na mzuri sana. Kanze aliwawekea chai bila kuulizwa, na safari hii hakuyahesabu mahamri. Walikutana katikati ya pindo saa nne kasoro dakika sita, vichwa vikikaribia kugongana, na Kimani akakata uzi kwa meno.

Mwikali aliingia saa nne na dakika mbili, wenzake wanne nyuma yake, wote wamekunja mikono. Alijaribu, akatoka nje, akajizungusha. Nzai alingoja ainue mkono. Hakuinua. Alitia mkono ndani ya kile kifurushi alichopewa, akatoa vipande vyake, akawainulia wenzake juu wavione.

"Hata hiki kidogo," alisema.

Wale wanne wakatazamana. Kisha mmoja baada ya mwingine wakafungua mikoba, kumbe vitenge walikuwa navyo muda wote. Nyumba ikajaa maswali, nani kwanza, nani Jumatano, nani ana mimba na apimwe kwa kukisia. Simu ya Kanze ikalia. Ni Kai. Alimsikiliza, akamwambia ampe nafasi hiyo mtu mwingine, na kabla kaka yake hajamaliza kuuliza kama sindano inalisha, akamwambia inalisha, tena kwa wingi wa wateja hajapata hata kifungua kinywa, akakata. Nzai alisikia kila neno. Alitaka kumshukuru lakini mdomo ulijaa pini, na pengine ilikuwa afadhali, maana machozi yalikuwa karibu.

Watu walipopungua, Kimani alikuwa bado yupo. Alikuwa ameikunja kamba yake vizuri, ameiweka magotini, na haondoki. Kanze akamwambia kwa heshima kwamba mashine haiuzwi, na kwamba gharama ya mkokoteni wataizungumza. Kimani akatikisa kichwa. Alitazama nje kuhakikisha hamali bado amelala, akafungua zipu ya jaketi, akatoa kitenge kilichokunjwa kidogo kama barua.

"Ni ya Mama Fancy," alisema kwa sauti ya chini. "Bibi yangu. Iko kwangu tangu Desemba, kila siku namwambia kesho. Aliona ile video yenu. Asubuhi amesema niilete kwenu, nisirudi nayo nyumbani." Akaitazama mashine. "Nilikuwa nimepanga nibebe mashine, nimwambie ati fundi wa hiyo video alifunga."

Hakuna aliyecheka, ingawa Kanze aligeuka akajishughulisha na vikombe. Nzai alikitandaza kitambaa mezani, akakipapasa, na furaha ikampanda kutoka miguuni. Huyu sasa alikuwa mteja na fundi kwa pamoja, mtu wa kuelewa. Akaanza kumweleza kwamba kitenge kizito namna hii kinataka kwapa literemke kidogo zaidi, chaki ipite hivi, mkasi ugeuke hapa, na bega lisikazwe.

"Kwapa fanya vile unataka," Kimani alimkata. "Itakuwa tayari lini?"

Nzai akafungua mdomo aseme kesho kutwa, kama alivyowaambia watu miaka yote bila kufikiri. Pembeni, Kanze alikuwa ameshainua simu kumrekodi. Nzai akaufunga mdomo, akaweka mkasi chini, akaanza kuhesabu siku kwa vidole, kimoja kimoja, na Kimani akimhesabia kwa sauti.